Tunamwombea Jailos

Chunya
5 Februari 1956

Kwako mjomba wangu Filemoni Kalinga, Mwinjilisti wa Lusinga, Iringa,

Ugonile, mjomba. Najua Kinyakyusa cha marehemu baba kinakukwaruza masikio, basi chukua na kamwene yako. Mimi mzima, ila viatu vyangu vimekufa kwa tope. Vipi mguu wako? Msalimu sana mama, mkeo, hapo nyumbani.

Kazi ya stoo hapa mgodini inaendelea. Kutwa nagawa nyundo, taa na grisi kwa watu wasiojua kusema asante.

Nakuandikia kwa sababu nimepata mtu anayeninyima raha. Anaitwa Jailos, fundi mitambo, mtu wa Nyasaland, alipigana vita huko Burma. Kila Jumapili watu wakitoka ibadani anawangoja penye banda la mashine ya kusagia mawe. Anakaa juu ya pipa na kuuliza, "Leo mmemkuta?" Watu wanacheka, halafu wananigeukia mimi nimjibu, eti nimelelewa na mwinjilisti.

Anasema hivi. Mashine ile ina miaka ishirini. Nyundo zake zote zimebadilishwa, mikanda imebadilishwa, injini ililetwa mpya mwaka juzi. Lakini bado tunaiita Bibi Kelele. Sasa huyo Bibi Kelele ni nani? Hayupo, anasema, ni mazoea yetu ya kuita. Na mtu ni vivyo hivyo. "Unasema mkono wangu, kichwa changu, roho yangu. Huyo mwenye roho yuko wapi? Mlete nimpe sigara." Na kama huyo hayupo, anasema, Mungu aliyemwumba hakuwa na kazi.

Nilimtajia Mwanzo sura ya kwanza. Akaisoma yote kwa kichwa, bila kitabu, maana alisoma misheni kabla mimi sijazaliwa. Mjomba, nilishindwa mbele ya watu arobaini. Nitumie majibu. Usinitumie mistari mitupu, anayo yote.

Ni mimi mpwa wako,
Anyitike


Lusinga, Iringa
21 Februari 1956

Mpwa wangu Anyitike,

Kamwene. Barua yako imetukuta salama. Mguu unauma kwa sababu ya mvua tu, na mahindi yamefika kiunoni. Mama yako anauliza kama unakula chakula, au unashiba maneno ya Jailos.

Barua nimeisoma mara tatu, na sitakuficha, nilifurahi. Miaka kumi na tisa nawahubiria watu wanaosema amina kabla sijafika katikati. Leo nimepata mtu wa kubisha. Nilitembea shambani naongea peke yangu mpaka mama yako akafikiri nina homa.

Mwambie hivi. Aende akaiite ile mashine: Bibi Kelele, njoo hapa. Aone kama itageuka. Mimi meno yamebaki ya kuhesabika, nywele zimehama, sauti yenyewe imeota kutu, lakini ukiniita Filemoni nageuka. Mtu ni yule anayeitika. Mbadilishe nyundo zake zote, ukimwita ataitika yule yule. Na kama kuna anayeitika, basi kuna aliyeita kwanza. Hapo ndipo Mungu anapoingia, kwa mlango wa mbele, mchana kweupe.

Usinune, lakini barua yako niliisoma mbele ya wazee wa kanisa. Mzee Sedekia alisema angekuwa yeye angemchapa huyo Jailos. Nikamwambia hoja haichapwi fimbo. Nijibu upesi, nataka kujua alisema nini.

Ni mimi mjomba wako,
Filemoni


Chunya
12 Machi 1956

Mjomba wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole na mguu. Huku wazima, mbu nao wazima.

Nilimpa jibu lako neno kwa neno. Alilisikiliza vizuri, akavuta sigara yake mpaka mwisho, akasema, "Mjomba wako ana akili. Lakini mbwa wangu naye anaitika. Ana roho?" Watu wakacheka, nami nikaanza kueleza tofauti ya mbwa na mtu, nikapotea njia. Halafu akasema neno lingine ambalo halijanitoka mpaka leo. "Kama aliyepo ni yule anayeitika, basi mwiteni Mungu wenu sasa hivi. Mimi nitanyamaza." Akanyamaza kweli. Sote tukanyamaza. Bibi Kelele huzimwa Jumapili, kwa hiyo tulichosikia ni bati la banda likilia kwa joto la jua. Tulisimama hapo muda mrefu, mjomba, watu wazima, tunasikiliza bati.

Tangu siku hiyo situlii. Napanga vifaa vya stoo, nikimaliza navipanga upya. Naanza kutembea kwenda mjini na kurudi kabla sijafika. Siwezi kukaa na watu na siwezi kukaa peke yangu.

Nijibu kama unavyonijibu mimi, si kama unavyowajibu wazee wa kanisa.

Mpwa wako,
Anyitike


Lusinga, Iringa
5 Aprili 1956

Mpwa wangu,

Kamwene, na heri ya Pasaka iliyopita. Sisi wazima, ng'ombe mmoja tu alitutoroka siku ya Ijumaa Kuu, hana adabu.

Sasa kuhusu kunyamaza. Mwambie Jailos, kama ana mke atanielewa. Mama yako akinikasirikia, naweza kumwita siku tatu asiitike. Je, hayupo? Yupo sana. Chai isiyokuja ni ushahidi. Asiyeitika huenda amekasirika, huenda anakungoja umalize kelele zako, huenda ameshaitika nawe ulikuwa unasikiliza bati. Kunyamaza si kutokuwapo. Hiyo hoja nimeilala na kuiamkia, sidhani ana pa kuipasulia.

Nina habari. Mtaa mzima sasa tunamwombea Jailos. Kila Jumapili, baada ya wagonjwa na wasafiri, tunamtaja kwa jina. Ukiwasikia utafikiri ni mtoto wa hapa. Wengine wanasema ni mrefu, Sedekia anashikilia kuwa ni mfupi, watu wabishi ni wafupi. Hakuna aliyemwona na kila mtu anamjua. Bibi Benedicta, yule mjane wa mzinga, ametoa kibuyu cha asali. Anasema mtu anayeshinda juu ya pipa anahitaji kitu kitamu. Nimekituma kwa dereva wa basi la Mbeya, mkabidhi Jailos mkononi.

Na wewe tulia, mwanangu. Mti ukiutingisha kila siku hautoi mizizi.

Mjomba wako,
Filemoni


Chunya
30 Aprili 1956

Kwako mjomba,

Salamu. Mimi mzima, sijui nawe.

Asali imefika. Jailos aliionja, kisha akasema msimwombee tena. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ana swali la mwisho, na wewe ukilijibu atakwenda ibadani kwa miguu yake.

Anasema huko Nyasaland, kwenye misheni moja, alikuwapo mwanamke mgonjwa wa kichomi. Jumapili asubuhi machela ilikuwa tayari mlangoni, na wabebaji wanne, wampeleke hospitali ya mjini. Lakini wabebaji hao wanne ndio waliokuwa besi ya kwaya, na siku hiyo mchungaji mkubwa alikuwa amekuja kukagua kanisa. Kiongozi wa kanisa akasema wasubiri kwanza waimbe. Mwanamke alikufa saa nne, wimbo ukiendelea. Siku ya mazishi kiongozi yule akasimama akasema marehemu alilala alfajiri, hata machela isingemfaa.

Jailos anauliza mambo mawili. La kwanza, ile saa nne Mungu alikuwa anasikiliza nini, besi au mwanamke? La pili, yule aliyesema alfajiri, ndiye yule yule anayehubiri leo? Au nyundo zake zote zimebadilishwa, na hakuna tena wa kuulizwa?

Nangoja jibu.

Mpwa wako,
Anyitike


Lusinga, Iringa
15 Mei 1956

Anyitike,

Kamwene. Barua imefika.

Hadithi za Nyasaland si hoja. Kila misheni ina maadui wake na kila adui ana hadithi yake. Mwambie Jailos nilidhani nabishana na mtu mwenye akili, kumbe ni mtu wa umbea. Mtu akifanya kazi ya Bwana kwa miaka mingi hawezi kuitwa barazani na fundi mitambo.

Huko Chunya yuko mwinjilisti mwenzangu, Yotamu. Nimemwandikia aje hapo mgodini aonane na Jailos uso kwa uso, ayamalize. Mimi usiniandikie tena habari zake.

Mama yako anakusalimu.

Mjomba wako,
F. Kalinga


Chunya
17 Juni 1956

Mjomba,

Hujambo. Mwezi umepita. Jailos anauliza kama swali lake lilifika.

Na mimi nauliza.

Mpwa wako,
Anyitike


Lusinga, Iringa
1 Julai 1956

Kwa ndugu Jailos, Fundi Mitambo, Chunya
Kwa mkono wa mpwa wangu Anyitike

Kamwene, ndugu yangu. Hatujaonana, nami nimeambiwa hatutaonana. Yotamu alifika hapo mgodini akauliza habari zako. Wakamwambia hakuna fundi wa jina hilo na hajapata kuwapo. Walimwonyesha pipa. Wakasema anayekaa hapo Jumapili ni karani wa stoo, kijana mpole, haendi ibadani huu mwaka wa pili, na hasemi na mtu.

Barua ya Yotamu niliitia mfukoni, nikaenda kupalilia palipokwisha kupaliliwa. Siku ya nne ndipo nilipoweza kukaa chini. Nakuandikia wewe usiyekuwapo, maana yule aliyepo nashindwa kumtazama hata kwenye karatasi.

Haikuwa Nyasaland. Ilikuwa hapa Lusinga, mwaka 1944, na mwanamke huyo ni Esta, dada yangu, tumbo moja na mimi. Alikuwa mjane, amerudi kwetu na mtoto wake mmoja. Alfajiri alikuwa mzima wa kusema. Aliniuliza, "Kaka, vijana wako wapi?" Nikamwambia wanakuja. Vijana wenyewe nilikuwa nimewapanga mstari kanisani. Bila wale wanne kwaya yangu ilikuwa ya wanawake na watoto, na mimi nilitaka mchungaji arudi misheni akiisifu. Nilijiambia ni nyimbo mbili tu, machela itakwenda mbio. Zikawa tatu, kwa sababu ya pili ilimpendeza akaomba nyingine. Labda Esta asingefika mjini. Nimejificha nyuma ya hiyo labda miaka kumi na miwili na sasa natoka.

Mtoto wake ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipomwambia, "Mama yako alilala alfajiri," alinitazama, akasema, "Ndiyo, mjomba." Sikumwuliza alisikia nini mle ndani. Nilimlea, nikamsomesha, nikampenda, na kila siku niliiogopa ile ndiyo yake. Alipotaka kwenda Chunya nilimfungia mzigo upesi kuliko ilivyopasa.

Sasa maswali yako. La kwanza sijui. Nimelitafuta kwenye vitabu nilivyonavyo na kwenye magoti yangu, na sijui. La pili najua. Ni yule yule. Nyundo zote zimebadilika, lakini mtu akitaja alfajiri, hata akiwa anazungumzia jogoo, anayegeuka ni mimi.

Nina neno moja la mwisho, si la kukushinda. Wiki kumi na mbili tulimwombea mtu ambaye hayupo. Unaweza kusema hapo hapo ndipo ulipotaka kutufikisha, kwamba na Mungu wetu ni hivyo hivyo, mtu wa barua. Sawa. Lakini nyuma ya barua zako alikuwapo mtu, na alikuwa na uchungu, naye alikuwa ananiita mimi. Nilichelewa kuitika.

Kama kuna njia ya kumfikia, mwambie nimeitika.

Mimi,
Filemoni, kaka yake Esta


Lusinga, Iringa
30 Julai 1956

Mpwa wangu Anyitike,

Kamwene. Sijapata barua na sikudai. Mimi na mama yako tu wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, imeunguza viazi.

Nakuarifu yaliyotokea ili usiyasikie kwa watu. Jumapili ya tarehe 22 nilisimama kanisani, nikawaambia mambo mawili. Kwamba Jailos hayupo, na kwamba Esta alikufa saa nne. La kwanza liliwashangaza. La pili, niliona nyuso zao, wengi walikuwa nalo. Mzee Sedekia alikuwa mmoja wa wale besi wanne. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akasema, "Na sisi tuliimba." Akakaa.

Wazee walikutana. Nimetengwa miezi sita. Sihubiri, sishiriki meza ya Bwana, nakaa benchi la nyuma pamoja na waliooa wake wawili na yule aliyekamatwa na pombe. Ni watu wazuri, wananisogezea nafasi. Nilidhani nikishasema nitatulia. Sijatulia. Lakini angalau sasa najua ni nini kinachonitembeza.

Jana Sedekia ndiye aliyeongoza. Alipofika kwenye maombi alitaja wagonjwa, akataja wasafiri, akapita. Bibi Benedicta akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Mbona Jailos umemruka?" Sedekia akamwambia, "Bibi, tulishaambiwa hayupo." Bibi akasema, "Aliyeuliza yupo. Kibuyu changu hakikurudi, kuna mtu amekula." Basi wakamwombea.

Kwenye msalaba wa mama yako Esta nilikuwa nimeandika Alilala Alfajiri. Neno la mwisho nimelifuta kwa kisu. Mahali pake sijaandika kitu, na rangi nimeiweka kwenye kopo juu ya dari.

Usiponiandikia nitaelewa. Lakini nitakuwa nakwenda kungoja basi.

Mjomba wako,
Filemoni


Chunya
12 Agosti 1956

Mjomba,

Ugonile. Mimi mzima. Pole kwa viazi.

Asali niliila mwenyewe, kwa siku tatu, na kidole. Mwambie Bibi Benedicta kibuyu nakirudisha.

Sitaki ujidanganye, mjomba. Siamini. Yale ya mashine na bati si maneno ya kuazima, ni mimi ninavyoona, na hoja yako ya mke aliyenuna haikunitosha ingawa ilinichekesha. Ila yale ya mama nisingeweza kuyasema nikiwa mpwa wako, mtu niliyekula kwako na kuvaa kwako. Ilibidi atokee mtu mwingine asiye na deni la heshima. Nilimtengenezea vita na mbwa na sigara. Mimi mwenyewe nilianza kumwogopa.

Nyimbo zote tatu nazikumbuka. Mama aliniambia nisikilize, besi leo wamepatia. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Sijui kama nimekusamehe. Kuna siku naamka nimekusamehe, na mchana msamaha umetoka tena.

Wamenipa likizo ya wiki mbili. Nitapanda basi Mbeya Alhamisi tarehe 23, ukitaka kungoja basi ngoja hilo. Rangi usiiguse, nitaandika mimi: Saa Nne.

Jumapili nitakaa nawe benchi la nyuma. Sitaimba. Sedekia akifika kwenye maombi, mwambie amwache Jailos apumzike. Kama lazima wamtaje mtu wa Chunya, wanitaje mimi. Nitakuwapo.

Mpwa wako,
Anyitike